Mwaka wa Nyasi Zilizonata

Tulipomzika Bwana Kirimi, huko juu Meru ambako baridi humwingia mtu mpaka ndani ya mifupa, kijana mmoja mwenye suti alisoma maisha ya marehemu kwenye kipaza sauti. Alisoma shule, akasoma kanisa alilosaidia kujenga, akasoma ng'ombe wa maziwa, watoto na wajukuu. Alipofika Isiolo alisema hivi, bila hata kuvuta pumzi: "Pia alihudumu Isiolo kwa muda." Kisha akafungua ukurasa. Nakiru, rafiki yangu wa tangu ujana, alikuwa amekaa kando yangu kwenye kiti cha plastiki, akanipiga kiwiko. "Kwa muda?" akaninong'oneza. "Dija, umesikia? Eti kwa muda!" Nilisikia, na damu ikanipanda. Mimi ni mtu wa hasira, uzee haujanipunguzia kitu hapo, na kama si heshima ya maiti ningesimama nikamnyang'anya yule kijana kipaza sauti. Kwa sababu mwaka mmoja, mwishoni mwa miaka ya sabini, Bwana Kirimi na sisi tuliokuwa naye tuliokoa shamba zima la mbegu za nyasi lisichomwe moto. Kama watoto wake hawajui, nitasema mimi. Na nikisema, nitajisifu, kwa hivyo asiyependa majivuno aendelee na shughuli zake.

Habari za baba na mama nitaziacha, kila mtu ana baba na mama. Nianze na chumba. Nje kidogo ya mji wa Isiolo, ng'ambo ya mto, serikali ilikuwa na kituo kidogo cha mbegu za malisho: ghala la mabati, ofisi iliyobandikwa ubavuni mwa ghala hilo, jikoni lenye paa jeusi kwa moshi, na chumba kimoja tulichogawana mimi na Nakiru. Chumba chetu kilikuwa na dirisha la wavu, vitanda viwili vya kamba, na harufu ya nyasi kavu ambayo haikutoka hata ukifua shuka mara ngapi. Mimi nilikuwa nimetoka shule, nimemaliza kidato cha nne, msichana wa kwanza wa mtaa wetu kufika hapo, na mjomba alikuwa tayari amenitengea nafasi nyuma ya meza ya duka lake, nipime sukari mpaka niolewe. Bwana Kirimi alinichukua kazi ya kuhesabu masuke. Watu wa mji walisema sana. "Binti wa Kiislamu anavaa gambuti, anabeba pampu mgongoni kama punda!" Nilipokuwa nikipita sokoni Ijumaa nilikuwa nazivaa hizo gambuti makusudi, na nilizipaka mafuta zing'ae.

Nyasi zenyewe ni za kwetu, zinaota porini zenyewe mvua ikinyesha, zile zenye masuke laini kama mkia wa mbweha. Lakini vita vya mpakani na ukame vilikuwa vimeiacha nchi uchi. Ukitoka Garbatulla kwenda Sericho ulikuwa unaona vumbi na mifupa, na watu waliokuwa na mifugo mingi walikuwa wanapanga foleni ya unga. Kazi ya kituo ilikuwa kupanda nyasi hizo kwa maji ya mfereji, kuvuna mbegu, na kuzipeleka zikapandwe upya huko. Na mwaka huo ukungu ukaingia kwenye masuke. Mwanzoni unaona tone dogo tu kwenye ua la nyasi, linang'aa kama asali, ukiligusa linanata. Halafu nzi wanakuja, nyuki wanakuja, wanabeba ugonjwa kutoka suke hili hadi lile, na baada ya siku chache mahali pa mbegu pana kitu cheusi, kigumu, kama kinyesi cha panya. Mbegu hakuna. Na ng'ombe akila vile vyeusi kwa wingi anaweza kutupa mimba. Ungewapelekea watu waliobaki na ng'ombe mmoja mbegu za namna hiyo? Haki ya Mungu, ni afadhali uwapelekee jiwe.

Siku hiyo nilikuwa ghalani napepeta, na ukuta kati ya ghala na ofisi ulikuwa bati moja tu, kwa hivyo nilisikia kila kitu. Mkubwa kutoka Nairobi alikuwa amekuja, mtu wa kaptula na soksi nyeupe ndefu zilizovutwa mpaka magotini. "Kirimi," alisema, "nani alikwambia watu wa ngamia wanataka kupanda nyasi? Hapa tunatupa maji na mishahara. Nitarudi kabla ya mvua ndefu. Nikikuta ukungu huu bado uko, tunachoma, tunalima juu yake, tunafunga." Bwana Kirimi alikuwa Mmeru mwembamba, mpole, mlokole, mtu wa kukohoa kidogo kabla ya kusema neno. Akakohoa. "Kuna dawa za kujaribu, mheshimiwa," akasema. "Tatu. Nipe nafasi nizipime." Nikasikia kiti kikisukumwa. "Pima. Lakini unionyeshe kwa macho, usinionyeshe kwa mdomo." Nilibaki nimeshika ungo wangu, na kitu cha kwanza nilichoona mbele yangu kilikuwa mizani ya sukari ya mjomba.

Basi tukapima. Shamba lilikatwa vipande vidogo vidogo, na kila kipande kikapewa kigingi. Kigingi cha bluu ni dawa ya shaba, ile inayoacha rangi kwenye majani. Cha manjano ni salfa, ule unga wa kiberiti. Cheupe ni dawa mpya ya unga, iliyokuja ndani ya mkebe wenye picha ya fuvu. Na vipande vingine vilipewa kigingi kitupu, bila rangi, hivyo havikupulizwa chochote, ili baadaye tuone tofauti. Kipande kipi kipate nini, tulipiga kura. Bwana Kirimi alikunja vikaratasi akaviweka ndani ya kofia ya Mzee Halake, na Mzee Halake mwenyewe ndiye aliyechota. Huyu alikuwa Mborana wa Sericho, mzee mrefu aliyekwisha kupoteza ng'ombe wake wote. Pale kituoni ndiye aliyekuwa bwana wa mfereji na kiongozi wa wapulizaji. Akifungua maji hapa na kuyaziba kule, yalimtii. Alivichota vikaratasi kwa makini, halafu akauliza, "Bwana Shamba, hawa wa kigingi tupu wamekosa nini?" Bwana Kirimi akacheka. Sote tulicheka. Tulidhani ni mzaha.

Siku zile zilikuwa na mpangilio wake, na mimi nilizipenda. Asubuhi kabla jua halijakali tulipuliza, tumefunga vitambaa puani. Saa za mchana tulikusanyika jikoni kwa Nakiru. Nakiru ni Mturkana, Mkristo, na alikuwa na sufuria mbili: moja ya sisi Waislamu, ambayo hakuigusisha na nyama asiyojua imechinjwa na nani, na nyingine ya wengine, aliyosema ni ya "watu wa mbinguni kwa njia ya mkato". Alipika githeri, mahindi na maharagwe, kwa ajili ya Bwana Kirimi, kwa kuwa bila githeri Mmeru huona kama hajala. Sisi tulikula nyirinyiri, nyama iliyokaushwa ikahifadhiwa kwenye mafuta, ambayo dada yangu aliniletea kutoka mjini. Chai ilikuwa ya maziwa ya ngamia, nzito, yenye moshi. Mzee Halake alikuwa akishika kikombe kwa mikono miwili na kutuhadithia ng'ombe wake waliokufa, mmoja mmoja, kwa rangi na pembe, na hakuna aliyemwambia harakisha. Nakiru pekee ndiye aliyethubutu kumtania. "Mzee, na huyo mwekundu si ulisema jana alikufa? Leo amefufuka?" Naye alikuwa anacheka mpaka chai inamwagika.

Nyasi zikachanua, masuke yakaiva, siku ya kuhesabu ikafika. Bwana Kirimi alishika kioo cha kukuzia, mimi nikamfuata kipande kwa kipande. Cheupe, safi. Bluu, safi kiasi. Manjano, safi kiasi. Tukafika kwenye kigingi kitupu cha kwanza, nikainama nikitegemea vidole vitanata. Safi. Kigingi kitupu cha pili, safi. Bwana Kirimi alipita vyote, akarudi akapita tena, halafu akakaa chini ukingoni mwa mfereji, miguu ndani ya maji, viatu na soksi. Ungedhani mtu angefurahi kuona nyasi zimepona. Mimi mwenyewe nilianza kutabasamu. "Dija," akaniambia polepole, "huoni? Kama ambazo hazikupulizwa ni nzima, basi dawa haikufanya kitu. Mkubwa atasema ugonjwa ulipita wenyewe, na mwaka ujao utarudi. Atafunga." Ndipo nilipoliona. Kwenye majani ya kipande kitupu, chini chini karibu na shina, kulikuwa na madoadoa ya bluu.

Hatukuhitaji kupeleleza. Nilimuuliza Mzee Halake mbele ya kila mtu, naye akajibu mbele ya kila mtu, kifua mbele. "Ni mimi. Nani mwingine? Kila siku tukimaliza, dawa inabaki kidogo ndani ya pampu. Bwana Shamba alisema mwaga kwa shimo. Mimi nimwage dawa kwa shimo, na mgonjwa yuko hapo anaangalia mimi? Hiyo haiwezekani." Akatugeukia sisi wengine. "Mimi nilimaliza ng'ombe wote. Ukoo wangu ilikaa chini, kila mtu akatoa kichwa moja, mbuzi kwa huyu, mtamba kwa yule. Hiyo ni busa gonofa, ni sheria yetu. Hakuna mtu anaachwa nje. Sasa nyasi ndiyo niache nje?" Wapulizaji wengine wakatikisa vichwa kukubali, na ikajulikana kwamba hakuwa peke yake, kila mmoja alikuwa ametoa mabaki ya pampu yake kama sadaka. Wallahi, sidhani kuna mahali pengine duniani jaribio la dawa liliwahi kuharibiwa na huruma. Bwana Kirimi alifumba macho. "Umeniua, mzee," akasema, akaenda ofisini, na githeri yake ikapoa mezani ikaota ngozi juu.

Tulikuwa na nafasi moja iliyobaki. Nyasi zile ukizikata na kuzinywesha huchanua upya, na kwa hesabu ya Bwana Kirimi zingechanua kabla mkubwa hajarudi. Tukakata. Kesho yake Bwana Kirimi aliwaita wafanyakazi wote mbele ya ghala, akawaeleza kwa nini lazima vipande vingine viachwe viugue. Alieleza vizuri, kwa utaratibu wa mwalimu, na kila alipoeleza ndivyo nyuso zilivyozidi kufungwa. Alipomaliza, Mzee Halake hakubishana. Aliketi, akavua gambuti zake, akazisimamisha sawasawa mlangoni pa ofisi. "Mimi nilichunga wagonjwa miaka mingi ili wapone," akasema. "Kuchunga wagonjwa wafe, siwezi. Kwaheri, Bwana Shamba. Wewe ni mtu mzuri." Akaanza kwenda na miguu mitupu. Na ukiwaangalia wapulizaji wengine, ulijua wangemfuata kabla ya saa sita. Hapo ndipo maji yalipozidi unga.

Nakiru alikuwa na akili kuliko sisi wote wakati huo. Alitoka jikoni na mwiko mkononi, akapiga kelele, "Mzee Halake! Mturkana amekupikia chai na wewe unaondoka? Utakwenda kusema huko Sericho kwamba Nakiru ni mchoyo?" Mzee hakuweza kuikataa chai iliyoitwa namna hiyo. Akarudi, akakaa juu ya kigoda chake, uso mgumu. Mimi nikakaa mbele yake. Nilikuwa namtazama tu anavyoshika kikombe, na kikombe kile ndicho kilichonikumbusha ua wa mjomba wangu, nilipokuwa mdogo, wazee walipokuja kutoka Garbatulla kuamua ugomvi wa kisima. Kulikuwa na mtu mmoja aliyeona mambo yote. Alikaa peke yake ukutani tangu asubuhi. Mjomba alimpelekea chai akakataa, upande wa pili ukampelekea maji akakataa. Mimi nilimhurumia, nikamletea tende, naye akanirudishia mkono wangu taratibu, akasema, "Bado, mama. Nikila sasa, neno langu litanuka tende."

Nikamwambia Mzee Halake habari hiyo. Halafu nikamwambia, "Mzee, wale wa kigingi kitupu hawakukosa kitu. Wale ni mashahidi. Mkubwa wa Nairobi anakuja kuhukumu. Sisi tutasema dawa inaponya, yeye atasema tunadanganya, tunatafuta mshahara. Nani atasimama katikati? Ni yule ambaye hakula kwa mtu. Wewe ulimpelekea dawa kwa huruma, na sasa neno lake linanuka dawa." Kuni zililia motoni. Mzee Halake akatazama ndani ya kikombe. "Intala," akasema, maana yake msichana wangu, "shahidi anakaa na njaa kwa ajili ya watu. Hiyo nakubali. Lakini akishasema neno lake, je? Anaachwa na njaa?" Jibu la hilo halikuwa langu kulitoa. Nikageuka mlangoni, na Bwana Kirimi alikuwa amesimama pale pale, ameshika fremu ya mlango, amesikia yote. Hakukohoa safari hii. "Akishasema, mzee, yeye ndiye wa kwanza," akajibu. "Tunakata masuke yake mabaya, tunayachoma. Maji ya kwanza ya mfereji ni yake. Samadi ya kwanza ni yake. Mimi Kirimi nimesema, na Mungu amesikia." Mzee Halake akamaliza chai yake mpaka tone la mwisho. "Leta buti," akasema.

Ndiyo nasema najivuna. Nilikuwa binti mdogo wa gambuti zilizopakwa mafuta, na jambo hilo lilitoka kinywani mwangu.

Tangu siku hiyo Mzee Halake alijifanya mlinzi wa vipande vitupu, na alikuwa mkali kuliko askari. Alitandika gunia pembeni mwa kipande kimoja, akakaa na fimbo. Mtu akipita na pampu, hata kama haina kitu, alifokewa. "Zunguka huko! Unataka kumhonga?" Upepo ukivuma wakati wa kupuliza, alisimamisha kazi yote mpaka utulie, na Bwana Kirimi, aliyesoma mambo hayo chuoni, alitikisa kichwa akisema angelitamani wafanyakazi wote wa nchi hii wawe hivyo. Lakini haikuwa rahisi kwa mzee, niliona kwa macho yangu. Asali ile ya ugonjwa ilipoanza kutona kwenye masuke ya mashahidi, aliyashika moja moja akiyaambia kwa Kiborana maneno ambayo watu wa kwetu humwambia mgonjwa, vumilia, vumilia kidogo. Jioni alikuja jikoni kikoi kinanata, nzi wanamfuata. "Mzee, umelala ndani ya mzinga?" Nakiru alimuuliza. Hakucheka kama zamani. Alisema tu, "Wanaumwa, Nakiru. Wanaumwa sana." Na Nakiru akamwekea chai bila utani.

Mkubwa alikuja na Landrova yake asubuhi yenye jua, soksi nyeupe zile zile. Hakusalimu mtu isipokuwa Bwana Kirimi. Alitembea haraka, mikono nyuma, akakata katikati ya shamba bila kufuata njia, na njia aliyoikata ilipita ndani ya vipande vitupu viwili, kimoja baada ya kingine. Mzee Halake alisimama, akatupisha bila neno, fimbo kifuani. Mkubwa akafika kwenye vigingi vyeupe, akainama, akapangusa masuke kwa kiganja. Mbegu zilikuwa zimejaa, nzito, safi. Alikwenda kwenye vya bluu, akaona vina ugonjwa kidogo. Vya manjano vilikuwa na ugonjwa mwingi. Akarudi kwenye vyeupe. Uso wake haukuonyesha kitu. "Hizi ni nzuri," akasema mwishowe, "lakini mwaka huu umekuwa mkavu. Ukungu unapenda unyevu. Nani anajua kama ugonjwa ulikuja kabisa?" Bwana Kirimi alikohoa. Nilimwona anatafuta maneno ya heshima, na maneno ya heshima huchelewa. Basi nikasema mimi. Nilisema, "Bwana mkubwa, na soksi zako?"

Akatazama chini. Soksi nyeupe hazikuwa nyeupe tena. Kuanzia kifundoni mpaka gotini zilikuwa zimelowa ute, zimegandwa na nyasi, na juu ya nyasi nzi, na juu ya nzi nyuki mmoja aliyekuwa anapanda taratibu kuelekea kaptulani. Alirusha mguu. Nzi waliruka wakarudi. Akarusha mguu wa pili. Nakiru, mlangoni pa jikoni, alijifunika uso kwa kanga lakini mabega yalikuwa yanamtetemeka. "Hapo ulipopita kwanza hatukupuliza kitu," nikaendelea, kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza. "Hapo uliposimama sasa tumepuliza. Maji ni ya mfereji mmoja, jua ni moja. Sisi tunalipwa mshahara, tunaweza kudanganya. Wale hawakulipwa." Mkubwa alitazama soksi, akatazama vigingi vyeupe, akatazama nyuma alikopita. Nikaona anafuata kwa macho njia yake mwenyewe. Halafu akafanya jambo ambalo sikulitegemea: akaketi ukingoni mwa mfereji, akavua soksi zote mbili, akazikunja, akampa Bwana Kirimi. "Zitunze," akasema. "Ni za faili." Na akacheka, mtu yule, alicheka kweli. Shamba halikuchomwa.

Landrova haijamaliza hata kupotea kwenye vumbi, Mzee Halake alikuwa tayari ameshika mundu. Alikata masuke mabaya yote ya vipande vitupu kwa mkono wake, tukayachoma kwenye shimo. Bwana Kirimi alikunja suruali, akabeba samadi kwa ndoo, yeye mwenyewe, afisa, na mzee akafungua mfereji maji yakaenda kwa mashahidi kwanza. Mimi na Nakiru tulikaa juu ya ndoo zilizopinduliwa tukitazama. Mbegu za vigingi vyeupe ndizo zilizozaa mashamba yaliyofuata, zikajazwa magunia, zikapakiwa kwenye lori la kwenda Garbatulla na Sericho, na Mzee Halake alipanda juu ya magunia hayo akaenda nayo. Sitadanganya kwamba nchi iligeuka kijani. Nyingine zililiwa na mbuzi kabla hazijashika mizizi, nyingine zilikauka. Lakini nimepita huko miaka mingi baadaye, na kuna mabonde ambamo mikia ya mbweha inacheza na upepo baada ya mvua, na ng'ombe wamo ndani mpaka tumboni. Mzee Halake alizikwa si mbali na bonde moja kama hilo. Mimi niliendelea na kazi hiyo mpaka nikastaafu, na sukari ya mjomba nilikuwa naipima kwa kijiko tu, ndani ya chai yangu.

Basi tukiwa pale matangani, baada ya chakula, binti mkubwa wa Bwana Kirimi, Kendi, alitujia mimi na Nakiru. Alikuwa amesikia tumetoka Isiolo. "Anti," akaniambia, "njooni niwaulize kitu." Akatupeleka nyuma ya nyumba, kwenye shamba la viazi la baba yake. Mistari ilikuwa mizuri, ya kijani, imepulizwa vizuri. Isipokuwa mmoja, wa mwisho kabisa, ambao ulikuwa umeungua na ule ugonjwa wa baridi, majani meusi, mashina yamelala. Mwanzoni mwake kilisimama kigingi cha mti, kitupu, bila rangi. "Kila msimu anaacha mstari mmoja hivi," Kendi akasema. "Tangu nikiwa mtoto. Ukiupuliza anakukasirikia, na baba hakuwa mtu wa kukasirika. Halafu tukishavuna, mstari huo ndio unapewa mbolea kwanza, kabla ya yote. Tukimuuliza, anasema ni wa Halake. Sisi tulikuwa tunafikiri Halake ni kampuni ya dawa." Akapangusa macho kwa ncha ya kitambaa. "Huyo Halake ni nani, anti? Kwa sababu baba hayuko tena, na pampu iko hapo na dawa imebaki kidogo. Nilikuwa nataka niipulize tu hii laini leo. Nikiipita kila asubuhi inanitia huruma."

Nakiru alishika mkono wangu, na nilijua bila kumtazama kwamba analia, kwa sababu mimi pia nilikuwa nalia. Kwa muda! Mtu huyu alikuwa amehudumu Isiolo maisha yake yote. "Usiupulize, mama," nikamwambia Kendi. "Ngoja mpaka mvune. Nitakueleza Halake ni nani, lakini peleka hiyo pampu mbali kwanza." Halafu nikavua viatu, nikavisimamisha sawasawa kando ya kigingi, nikakaa chini kwenye udongo baridi na nguo yangu ya matanga, mwishoni mwa ule mstari. Nakiru akaniinamia. "Dija! Utachafuka. Sasa unafanya nini hapo?"

"Nachunga," nikamjibu.